Tabibu Aliyetafuta Alichokitaka

Ndugu zangu, nipeni masikio yenu kidogo niwasimulie habari ya nyumba iliyokuwa na utulivu kwa miaka ishirini na minane, ikavunjika kwa sababu mwenye nyumba alikataa kusoma kurasa mbili. Naam, mbili tu, tena zilizopigwa chapa kwa herufi kubwa.

Jumamosi hiyo asubuhi Tabibu alikuwa sebuleni akipiga pasi koti lake jeupe. Kazi hiyo hakumwachia mtu, kwa kuwa aliamini hakuna mwingine duniani ajuaye kunyoosha kola. Mkewe alikaa mezani karibu na dirisha, amefungua tumbo la cherehani cha mteja. Mwanamke huyu alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alizungusha gurudumu polepole, akainamisha sikio, kisha akasema, "Kikombe cha bobini kimelegea." Hakuwa ameona kitu bado. Alikuwa amesikia. Watu walileta mashine zao kutoka mbali kwa ajili ya sikio hilo.

Shali ilikuwa mabegani mwake ingawa jua lilikwisha kupanda. Tangu Alhamisi alikuwa na homa na maumivu ya kiuno, na mumewe alimpima akasema ni maambukizi ya figo. Kila asubuhi alimchoma sindano nyumbani kwa mkono wake. Ile ya siku ya tatu alikuwa amekwisha kuipata.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu," alijibu Fundi, uso ukakunjuka. Alijua sauti ya mdogo wake wa kike.

Mdogo mtu aliingia na bahasha ya kahawia. Tabibu hakuinua macho kutoka kwenye kola.

"Shemeji, naona leo umepata kazi inayokufaa," alitania mgeni.

"Afadhali mimi napiga pasi koti. Wewe huko kwenu unapiga pasi karatasi."

Walizoea kutaniana hivyo, lakini kwa upande wa Tabibu utani ulikuwa umeanza kuchacha. Shemeji yake huyu alikuwa mkutubi wa chuo cha afya. Alipoacha kazi, yeye na wenzake wawili walianzisha shirika dogo lisilo la faida, vyumba viwili juu ya duka la matairi, kompyuta tatu za kupewa, na harufu ya mpira mpya siku nzima. Kazi yao ilikuwa kuwasaidia watu wa hospitali wanaofanya utafiti, na kuwafundisha wauguzi, matabibu na wanafunzi namna ya kutafuta makala za utafiti wa tiba. Darasa lilikuwa kila Alhamisi alasiri, bila malipo. Tabibu hakuwahi kupanda ngazi zile. Alikuwa msimamizi wa wodi kwa miaka kumi na tisa, na mtu wa namna hiyo, kwa maoni yake, anafundisha, hafundishwi.

"Nimekuletea kitu, shemeji. Ni kurasa mbili. Naomba usome kabla ya Jumatatu," alisema mgeni. "Muuguzi wako mmoja alikuja na swali. Ameona wagonjwa watatu wanalalamika masikio yanalia, na wote walikuwa kwenye ile sindano unayoipenda, na wote walikuwa wanameza vidonge vya kupunguza maji mwilini. Tumetafuta siku tano. Makala kumi na mbili, tumezisoma zote mwanzo hadi mwisho. Viwili hivyo vikikutana katika mwili mmoja, masikio yako hatarini."

Tabibu aliiweka pasi wima. "Muuguzi wangu amekwenda kunishitaki kwenu?"

"Hajakushitaki. Ameuliza."

"Kwa watu wanaokaa juu ya matairi!"

Hapo ndipo mgeni alipoiona shali ya dada yake, akaona na kibakuli chenye pamba na chupa tupu ya dawa. Akaisogelea meza, akaisoma chupa. Kisha akautazama ule uvimbe wa miaka mingi miguuni mwa dada yake, ambao kila mtu katika ukoo alijua unamezewa vidonge gani.

"Dada, unachomwa hii?"

"Shemeji yako ananitibu, mdogo wangu. Nitapona."

"Bado unameza vile vidonge vya maji?"

"Kila siku."

"Acheni leo hii! Shemeji, badilisha dawa, zipo nyingine. Nakusihi kwa jina la wazazi wetu."

Tabibu alipandwa na mori. Aliichukua ile bahasha, hakuifungua, akaitumbukiza kwenye ndoo ya takataka juu ya maganda ya mayai. "Sindano hii nimewachoma watu tangu wewe unavaa sare za shule. Toka nyumbani kwangu. Usipojifunza adabu, mlango huu usiujue tena."

"Sikuja kwa ajili ya mlango."

"Toka!"

Mgeni alimgeukia dada yake. Fundi aliinamisha kichwa juu ya mashine. "Nenda tu, mdogo wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Yeye ndiye tabibu."

Jumatatu Tabibu aliwakusanya wauguzi wote katikati ya wodi, wagonjwa wakisikia.

"Nani amepeleka siri za wodi hii juu ya duka la matairi?"

Muuguzi mmoja wa makamo, ambaye wenzake walimwita Kalamu kwa kuwa hakupitwa na kitu bila kukiandika, alisogea mbele. "Ni mimi. Ila sikupeleka siri, Tabibu. Nilipeleka swali."

"Swali unaniuliza mimi."

"Nilikuuliza mara mbili. Mara ya kwanza ukaniambia nikahesabu mashuka. Mara ya pili ukaniuliza kama nimeyahesabu."

Mtu alicheka nyuma ya pazia. Tabibu alivimba shingo. "Basi leo utayahesabu vizuri. Kuanzia sasa kazi yako ni stoo ya mashuka. Na ninyi wengine, nikisikia kuna mtu amepanda ngazi zile siku ya Alhamisi, atamfuata huko huko." Akalibandua tangazo la darasa lililokuwa karibu na saa ya ukutani, akalichana vipande vinne.

Msomaji wangu, angeishia hapo tungesema ni jeuri ya kawaida ya wakubwa wa kazi. Lakini maneno ya mdogo mtu yalikuwa yamemkwama kooni, na dawa aliyoona inafaa ilikuwa kumwaibisha. Jumanne alikwenda chumba cha kumbukumbu, akamwondoa karani kwenye kiti, akaketi mbele ya kompyuta. Aliandika jina la sindano yake, kisha akaongeza maneno haya: ni salama, inaponya.

Karani alikuwa amesimama nyuma yake. "Tabibu, wale wa Alhamisi huandika na upande wa pili."

"Upande gani?"

"Kama inadhuru. Na wanataja mgonjwa ni mtu wa namna gani."

"Wewe kazi yako mafaili. Washa printa."

Makala zilikuja kama mvua. Kila makala ya utafiti ina muhtasari wake mwanzoni, aya moja inayoeleza kwa ufupi yaliyofanyika na yaliyopatikana. Tabibu alichapisha mihtasari arobaini na mmoja. Hakufungua makala hata moja aone yaliyomo ndani. Alipiga mistari ya njano chini ya kila neno lililosema "iliponya", akaubana mzigo wote kwa pini, akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Jumatano asubuhi, baada ya sindano ya saba, Fundi alijishika sikio. "Baba watoto, kuna kitu kinalia humu. Kama nyaya za umeme."

"Hiyo ni homa inatoka."

"Homa ilikwisha toka Jumapili."

"Basi ni maneno ya mdogo wako ndiyo yanayokulia. Alikuja?"

Fundi aliivuta shali mabegani. Mdogo wake alikuwa amekuja jana yake, akasimama dirishani akimwomba aache sindano, naye akamjibu kupitia wavu, "Usiniharibie nyumba." Alikuwa amesema hivyo akilia.

Alhamisi alasiri Tabibu alipanda ngazi za duka la matairi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Watu kumi na watano walikuwa wamebanana kwenye madawati, na ubaoni palichorwa visanduku vinne. Ndivyo walivyofundisha pale. Kabla hujagusa kompyuta, unajaza karatasi: mgonjwa ni nani, dawa ni ipi, unailinganisha na nini, na matokeo unayoyatafuta ni yapi, mazuri na mabaya. Kalamu alikuwa dawati la mbele. Ukishapelekwa kwenye mashuka, huna tena pa kutishiwa kupelekwa.

Tabibu aliubwaga mzigo wake mezani. "Arobaini na moja! Ninyi mlipata ngapi? Kumi na mbili? Nimefanya kwa saa moja kazi iliyowashinda siku tano."

"Karibu, shemeji," alisema mwalimu, yule mdogo wa Fundi. "Uliandika nini kwenye kompyuta?"

Alimwambia, tena kwa sauti ya juu.

Mzee mmoja wa maabara aliguna. Mwalimu hakucheka. "Kwa hiyo umeiambia jibu, nayo imekurudishia jibu lako. Ungeandika kwamba inadhuru, ungekuja na mzigo mwingine kama huu."

"Hayo ni maneno. Hii hapa ni karatasi."

"Haya, chagua moja. Ile unayoipenda kuliko zote."

Alichomoa ya juu. Ilikuwa imejaa njano. Mwalimu aliitafuta makala yenyewe, akaifungua nzima ukutani ili kila mtu aone, akateremka mpaka ukurasa wa tatu. "Tusomee hapa, wanapoeleza waliwapokea wagonjwa gani."

"Sikuja kusomeshwa."

"Basi nitasoma mimi. Wanasema hawakumpokea mtu yeyote anayemeza vidonge vya kupunguza maji mwilini, kwa kuhofia masikio yake." Akageuka akamtazama usoni. "Umeniletea utafiti ambao mkeo angebisha hodi, wangemrudisha mlangoni. Umepima dawa yake kwa watu ambao si yeye. Leo ni sindano ya nane, shemeji. Amekwisha kuanza kusikia kelele? Sema kweli mbele ya watu hawa."

Chini fundi wa matairi aligonga chuma. Tabibu akachagua matusi. Aliliita shirika genge la wanawake wasio na kazi, akamwita Kalamu mchawi wa mashuka, akasema wote waliokuwemo watajuta. Akateremka ngazi mbili mbili na kuacha mzigo wake mezani.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye hadithi yenyewe. Asubuhi iliyofuata, Tabibu alivuta dawa kwenye bomba la sindano kama kawaida. Mkono ukasita. Lile neno, wangemrudisha mlangoni, lilikuwa limelala naye na kuamka naye. Alijua dawa nyingine mbili ambazo zingeweza kuifanya kazi ile, moja ilikuwa kabatini nyuma yake. Angenyoosha mkono tu. Lakini akaona atakavyoulizwa na mkewe: kwa nini umebadilisha? Akaona uso wa shemeji yake ukisikia habari hiyo. Akaona stoo ya mashuka ikifunguliwa na Kalamu akitoka humo kichwa juu.

"Geuka," alimwambia mkewe, akamchoma sindano ya tisa. Baada ya hiyo alimchoma nyingine tano, na safari hizo mkono haukusita tena.

Siku mbili baada ya dozi kwisha alirudi kazini saa kumi. Fundi alikuwa mezani, amempa mgongo, anazungusha gurudumu la cherehani.

"Nimerudi," alisema Tabibu. "Nipe maji."

Hakujibiwa.

"Fundi! Nasema maji."

Kimya. Akadhani amenuna, naye alikuwa na la kwake moyoni la wiki nzima. "Aha, sasa na wewe umejiunga nao? Mdogo wako amekufundisha kunipa mgongo? Mimi niliyekutibu kwa mkono wangu, siku kumi na nne, bila kukosa hata moja? Hata mbwa hushukuru! Kama unataka kwenda kuishi juu ya matairi, mlango si huo?"

Alisema mengi zaidi ambayo siyaandiki. Mgongo haukutikisika. Ndipo alipoanza kuisikia mashine. Sindano ya cherehani ilikuwa inagonga bamba la chuma, kah, kah, kah, kelele ya kuchoma meno, ambayo hata mpita njia angesimama aulize kuna nini. Na Fundi, aliyekuwa akisikia skrubu iliyolegea kwa nusu mzunguko, aliendelea kuzungusha taratibu.

Tabibu alizunguka meza. Mkewe alishtuka, kisha akatabasamu.

"Umerudi saa ngapi?" aliuliza kwa sauti kubwa mno, kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara.

"Fundi, unanisikia?"

Mkewe aliukazia macho mdomo wake, tabasamu likaanza kupungua. "Mbona unachezesha midomo tu?"

Daktari bingwa wa masikio alimpima saa nzima. Kisha akauliza dawa zote alizotumia, na Tabibu akazitaja akiangalia sakafu.

"Nani alimwandikia hizi mbili kwa pamoja?"

"Mimi."

"Hakuna aliyekuonya?"

Bingwa hakungoja jibu. Alisema sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia limebakiwa na kidogo ambacho hakitafaa kwa mazungumzo. Halafu akatoka, akawaachia chumba.

Fundi aliomba karatasi kwa ishara. Akaandika: Ulijua?

Tabibu alichukua kalamu. Akaandika: Niliambiwa.

Siku ya ngapi?

Ya tatu.

Fundi aliandika kumi na nne, akaandika tatu chini yake, akatoa, akapata kumi na moja. Akalisukuma jibu upande wa mumewe, akalifunika kwa kiganja ili asilitazame yeye mwenyewe. Wiki ile ile alihamia kwa mdogo wake. Wateja walimfuata mara moja mbili, kisha wakaacha. Hospitali nayo ikaitisha kikao, wale wagonjwa watatu wakaitwa wakapimwa, na wawili wao walikutwa na masikio yaliyopungua nguvu. Tabibu alivuliwa usimamizi wa wodi. Kalamu alitolewa kwenye mashuka kwa barua ya mganga mkuu, na hakumsalimia aliyempeleka huko.

Mwezi wa pili baada ya hapo Tabibu alipanda ngazi zile tena, siku isiyo ya darasa. Koti halikuwa limepigwa pasi.

"Shemeji," alisema mlangoni.

"Mimi si shemeji yako. Unataka nini?"

"Nitafutie. Lazima kuna mahali wamepata dawa ya kurudisha masikio. Dunia ni kubwa."

Alitegemea matusi, na angeyapokea. Mwanamke yule alichukua karatasi ya visanduku vinne, akaiweka mbele yake. "Jaza."

Tabibu alijaza. Mwanamke, miaka hamsini na minne. Dawa, yoyote. Kwenye kisanduku cha mwisho akaandika: asikie tena.

Alirudi baada ya siku nane. Daftari la utafutaji lilikuwa wazi mezani, kila hifadhi ya makala iliyofunguliwa imeandikwa, na kila neno lililotumika, na tarehe yake.

"Yapo majaribio ya wanyama huko maabarani," alisema mwanamke yule bila kumtazama. "Zipo mashine za kusaidia kusikia, na bingwa atamwona dada. Dawa ya kuyarudisha masikio kama yalivyokuwa, hakuna."

"Tafuta tena."

"Nimetafuta mara mbili. Mwenzangu ametafuta bila kuonyeshwa kazi yangu. Tumekutana pale pale. Unadhani sikutaka kuipata? Ni dada yangu!" Hapo ndipo sauti yake ilipokatika. Alilifunga daftari kwa kishindo. "Nimetafuta kwa machozi, lakini sikutafuta ninachokitaka. Sasa ondoka, kuna watu wanasubiri kujifunza."

Tabibu alisimama. Kule nje, kwenye benchi la ukumbini, wauguzi wanne walikuwa wamekaa na karatasi zao magotini. Wakabana miguu kando ili apite, na hakuna aliyemwamkia.

FUNZO

Ndugu zangu, kiburi cha mjuzi ni ugonjwa mbaya kuliko ujinga, kwa sababu mjinga ukimwonyesha kitabu hutazama. Tabibu hakukosa elimu, na hakukosa mtu wa kumwambia. Alikosa unyenyekevu wa kukubali kwamba swali la muuguzi linaweza kuwa kweli hata likimuudhi mkubwa. Tena alipoamua kutafuta, alikwenda kama mtu anayetafuta shahidi wa upande wake, akaridhika na mihtasari.

Enyi mnaotibu watu, ukweli hauji kwa wingi wa karatasi. Someni makala nzima, na someni zaidi ile inayowapinga. Ulizeni ni nani walioachwa nje ya utafiti, huenda aliyeachwa ndiye aliyelala kitandani mbele yenu. Mashirika madogo kama lile yupo mtu anayeyabeza mpaka siku anayoyahitaji. Yaungeni mkono mapema. Na siku ukigundua umekosea, badilisha dawa siku hiyo hiyo, hata dunia nzima ikucheke. Aibu huisha.

Na wewe unayegeuka ili uchomwe, uliza ni dawa gani, taja na zile unazomeza. Anayekasirika ukimuuliza, muulize mara ya pili mbele ya watu.